Hayupo Nyumbani: Kikantoni, Kiajemi na Safari ya Kinywa hadi Karatasini

Kila nikianza lugha mpya kuna sentensi moja naitafuta kabla ya zote. Si salamu, wala si "jina lako nani". Ni hii: hayupo nyumbani. Ni ndogo, lakini ndani yake kuna mtu, kuna kukana, kuna kuwapo, na kuna nyumba. Nikiipata kwa namna mbili, inavyosemwa mlangoni na inavyoandikwa kitabuni, nahisi nimeshaonyeshwa kitu ambacho sarufi haitaniambia.

Kwa Kiajemi, ukifuata vitabu utaandika "u dar khane nist". Ukigonga mlango Tehran, atakayekufungulia atakwambia "un khune nist". Kile "dar" kimeanguka, "khane" imegeuka "khune", basi. Sentensi ni ile ile. Imevua kanzu tu, imebaki na kikoi.

Kwa Kikantoni, kitabu cha shule cha Hong Kong kitakuwekea herufi nne ambazo mtoto atazisoma kwa sauti "taa bat zoi gaa". Mtoto huyo huyo akishafunga kitabu, jirani akamwuliza baba yuko wapi, atajibu "keoi m hai uk-kei". Hebu rudi usome tena. Hakuna neno hata moja lililobaki. Neno la yeye ni jengine, la kukana jengine, kuwapo kumebadilika, na nyumba yenyewe imehama. Hapa hakuna mtu aliyebadilisha nguo. Ameingia mtu mwengine kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Watu wakilinganisha lugha hizi mbili, mazungumzo huwa ya ugumu tu: Kikantoni kina toni sita, Kiajemi hakina, kitenzi cha Kiajemi hubeba nafsi mkiani, cha Kikantoni hakibadiliki hata ukilia. Na ukoo pia si mmoja. Kiajemi ni binamu wa mbali wa Kihindi na Kiingereza, Kikantoni ni mtoto wa nyumba ya Kichina. Zinakutana kwenye kikombe, labda. Wachina waliliita lile jani "cha", Waajemi wakasema "chay", na sisi tunaagiza chai na mahamri bila kujiuliza neno limetembea kiasi gani. Lakini ugumu haunishughulishi. Lugha ngumu ni ile usiyokuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ninachotaka kujua ni hiki: mwandishi akitaka kuandika anavyosema mama yake, anatembea umbali gani mpaka karatasini, na nauli inamtoka nani?

Kabla sijaendelea, jambo moja dogo la kufurahisha. Ile "u" ya Kiajemi haisemi kama aliyetoka ni mume au mke. Wala "keoi" haisemi. Kama "yeye" yetu. Wanaotafsiri ghazali za Hafez kwa Kiingereza inawabidi waamue mpenzi ni nani, halafu wanaandika dibaji ndefu za kujitetea. Mtu wa Kiswahili anapita tu. Kichina cha kuandika nacho hakikuwa na tofauti hiyo mpaka miaka ya 1910 na 1920, pale Liu Bannong alipopendekeza herufi maalumu ya "yeye" wa kike ili iwe rahisi kutafsiri lugha za Ulaya. Kikantoni hakikujisumbua. "Keoi" ni "keoi". Yaani hapo, kwa mara moja, kinywa cha Guangzhou kiko karibu zaidi na Mombasa na Shiraz kuliko kilivyo karibu na kitabu chake chenyewe.

Sasa turudi kwenye karatasi. Miaka ambayo Liu Bannong alikuwa akihangaika na "yeye" ndiyo miaka ya mapinduzi ya uandishi China. Mwaka 1917 Hu Shi alitoa makala yake maarufu ya kutaka Wachina waache Kichina cha kale na waandike lugha hai. Mwaka 1918 Lu Xun akatoa "Shajara ya Mwendawazimu", na wino haukurudi tena chupani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1921, mbali sana na huko, kijana wa Isfahan aliyekuwa akiishi Berlin, Mohammad-Ali Jamalzadeh, akachapisha kitabu cha hadithi sita kiitwacho "Yeki bud yeki nabud", yale maneno ambayo kwayo hadithi za Kiajemi huanza, kama sisi tunavyosema hapo zamani za kale. Dibaji yake ilikuwa na hoja ile ile: fasihi imewafungia wasomi peke yao, tuifungue mlango, tuwe na demokrasia ya fasihi. Sidhani kama Hu Shi na Jamalzadeh walikuwa wakifuatana. Ulikuwa ni upepo wa wakati.

Hadithi ya kwanza ya kitabu hicho, "Farsi shekar ast", maana yake "Kiajemi ni sukari", bado ni hadithi bora kuliko zote ninazozijua kuhusu lugha yenyewe. Msimulizi anarudi nyumbani kutoka Ulaya kwa meli, anashuka bandari ya Anzali kwenye Bahari ya Kaspi, na kwa sababu kavaa kofia ya kizungu anatiliwa shaka na kutupwa kwenye chumba cha giza. Humo kuna sheikh mmoja, na kijana mmoja aliyeathirika na Ufaransa mpaka kwenye kope. Halafu analetwa Ramazan, kijana wa kawaida, kofia ya sufi kichwani, haelewi amekosa nini. Anamwendea sheikh kwa adabu, anamwuliza. Sheikh anajibu kwa Kiajemi kilichojazwa Kiarabu mpaka shingoni. Ramazan anaogopa. Anamwendea yule wa pili. Huyo anajibu kwa Kiajemi kilichojazwa Kifaransa. Ramazan sasa anaamini kafungiwa na wendawazimu au majini, anaanza kugonga mlango na kulia. Ndipo msimulizi anamsemesha kwa maneno ya kila siku, na Ramazan, akisikia lugha yake imetoka kwenye kinywa cha mtu mwenye kofia ya kizungu, nusura apasuke kwa furaha.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nawajua hao watu wawili. Si unawajua na wewe? Yupo pale msikitini na yupo pale ofisini. Ukisikia "kwa muktadha wa mustakabali" ujue ni sheikh. Ukisikia sentensi imeanza kwa Kiswahili ikafia kwenye Kiingereza, ujue ni yule kijana.

Lakini nimeisoma mara nyingi sasa, na kila nikiisoma naona kitu kinanikwaruza. Cha kwanza ni dogo. Mwishoni mwa kitabu, Jamalzadeh aliweka orodha ya maneno ya kawaida ya watu wa mitaani, pamoja na maana zake. Nia ilikuwa njema, alitaka kuyahifadhi. Lakini fikiria: kitabu kinasema lugha ya watu ni lugha ya wote, halafu kinaiwekea faharasa kama dawa za kienyeji. Nani asiyejua maneno hayo? Ramazan anayajua. Basi kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Ramazan.

Cha pili si dogo. Anzali iko Gilan. Lugha ya nyumbani ya Gilan ni Kigilaki, lugha yenye undugu na Kiajemi lakini yenye sarufi yake na maneno yake. Kijana wa Anzali aliyetupwa selo mwanzoni mwa karne ya ishirini, akiogopa, akimlilia Mungu na mama yake, angelia kwa lugha gani? Hadithi haijiulizi. Ramazan analia kwa Kiajemi kitamu cha mjini, na msimulizi anamjibu kwa hicho hicho, na wanakumbatiana. Yaani kabla hatujaingia selo, kuna mtu alishakitafsiri kinywa cha Ramazan, na hakutuambia. Sukari ni sukari, sawa, lakini kuna asali iliyofichwa kabatini.

Sisemi hadithi ni mbovu kwa hilo. Nasema ndiyo sababu mapinduzi ya "andika unavyosema" yanahitaji kuulizwa swali la pili: nani ndiye "unavyosema"?

China swali hilo lilijibiwa bila kuulizwa. Lugha hai aliyoitaka Hu Shi ilikuwa lugha ya kaskazini, ndiyo iliyokuwa na riwaya zake za zamani na ndiyo iliyokuja kuwa Kichina sanifu. Kwa mtoto wa Beijing, karatasi ilishuka ikamfikia mdomoni. Kwa mtoto wa Guangzhou au Hong Kong, karatasi ilitoka kwenye lugha ya kale ambayo haikuwa ya mtu yeyote, ikahamia kwenye lugha ya mtu mwengine aliye hai. Anazisoma herufi hizo kwa matamshi yake, "taa bat zoi gaa", lakini hakuna mtu katika familia yake aliyewahi kusema hivyo akiwa anakula. Kwake, "andika unavyosema" imekuwa "andika anavyosema yule pale".

Na hapa kuna kinaya ambacho sijachoka kukishangaa. Mashairi ya enzi ya Tang, ambayo kila Mchina anafunzwa shuleni, yalitungwa wakati silabi nyingi zilikuwa zikiishia kwa p, t au k. Kichina sanifu kimezipoteza konsonanti hizo. Kikantoni kinazo mpaka leo. Ukichukua shairi la Liu Zongyuan la theluji mtoni, maneno matatu yenye vina yote yanafungwa na t kwa Kikantoni, kama mlango unaofungwa taratibu mara tatu. Kwa Kimandarini mlango unabaki wazi. Mwajemi anakihifadhi cha kale chake kwenye karatasi, ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kufungua Hafez wa karne ya 14 na akasonga mbele. Mkantoni amekihifadhi mdomoni. Na mdomo huo huo, ukiteremka kwenye insha ya darasani, mwalimu anaupigia mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba hii ni lugha ya kusema.

Wairani nao wana jina la kuandika unavyosema. Wanaita "shekaste", yaani iliyovunjika. Jina lenyewe linatukana, lakini tabia si mbaya. Riwaya ya Kiajemi imezoea mpango fulani: msimulizi anaandika "khane", mhusika anasema "khune". Sadeq Chubak, mtu wa Bushehr, aliusukuma mpango huo mbali sana. Katika "Sang-e sabur" ya mwaka 1966 sauti za watu wa nyumba moja masikini ya Shiraz zinazungumza zenyewe, zimeandikwa zinavyosikika, na msomaji anamtambua kila mmoja kabla jina halijatajwa. Intaneti ilipofika, blogu za Wairani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijaa shekaste, wakubwa wakalalamika kwamba lugha inaharibiwa, na Kiajemi kikaendelea na shughuli zake. Kinaweza kumudu. Ni lugha rasmi ya Iran kwa katiba, ni ndugu wa damu wa Kidari cha Afghanistan na Kitajiki cha Tajikistan, na kikivunjika kidogo hakuna anayedhani nyumba imeanguka.

Kikantoni hakiwezi kuvunjika kidogo. Ndiyo maana nakipenda kama mwandishi, na ndiyo maana namhurumia anayekiandika. Mwajemi anabadilisha irabu moja, alfabeti ni ile ile, jicho halistuki. Mkantoni lazima alete herufi nyengine. Na angalia herufi zenyewe zilivyotengenezwa. Nyingi ya zile za Kikantoni peke yake, ile "m" ya kukana, ile "hai" ya kuwapo, ile "ge" ya umiliki, zina kiboksi kidogo upande wa kushoto. Kiboksi hicho ni alama ya kinywa. Watu walichukua herufi yenye matamshi yaliyofanana, wakachora mdomo pembeni yake, kana kwamba wanamwambia msomaji: hii usiisome, isikilize. Ukurasa wa Kikantoni umejaa vinywa vidogo vidogo. Hakuna namna ya kuuandika kwa kujificha. Kila sentensi inajitangaza.

Kwa muda mrefu herufi hizo hazikuwamo hata kwenye kompyuta. Serikali ya Hong Kong ilitoa seti ya nyongeza mwaka 1999, na miongoni mwa herufi zake zilikuwa hizo za Kikantoni. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa uvivu tu, vijana walikuwa wakiweka herufi ya o ya Kilatini mbele ya herufi ya kawaida, ile o ikisimama badala ya kinywa. Walitumia D ya Kilatini kwa neno "di". Wairani nao, wakati simu zao hazikuwa na maandishi yao, waliandika Kiajemi kwa herufi za Kilatini. Lakini simu zilipopata alfabeti, Wairani waliirudia alfabeti yao. Ile D ya Hong Kong haikuondoka. Bado ipo kwenye matangazo.

Kikantoni cha kuandika si kitu cha vijana wa intaneti, na hili nasisitiza kwa sababu ndilo linalosahaulika. Mwaka 1828 ofisa mmoja msomi wa Guangzhou, Zhao Ziyong, alichapisha "Yue'ou", nyimbo za Kikantoni, nyingi zikiwa katika sauti za wanawake waliofanya kazi kwenye mashua za starehe za Mto Lulu. Alikuwa amepita mitihani ya dola, angeweza kuandika kwa lugha ya juu akapendeza. Badala yake alichanganya: mstari unaanza kwa adabu ya kitabu, halafu mwanamke anachoka na adabu na anasema anavyosema. Pale anapochoka ndipo wimbo unapoanza, kwa masikio yangu. Mwaka 1904 Mwingereza Cecil Clementi, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Hong Kong, alizitafsiri na kuzichapisha Oxford. Tafsiri yake imesawazisha kila kitu; mwanamke anazungumza kwa Kiingereza cha sebuleni mwanzo hadi mwisho, na ule mpasuko kati ya lugha mbili, ambao ndio wimbo wenyewe, haupo.

Nikiwaza miaka hiyo nawaza Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu na mwaka 1840, alikuwa akitunga kwa Kimvita wakati Zhao akitunga kwa Kikantoni, naye alizileta sokoni tungo ambazo zamani zilikaa zaidi kwenye mambo ya dini. Naye pia, mengi ya yaliyotufikia yalipitia mikononi mwa Mwalimu Sikujua na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Sijui kwa nini wazungu wa aina hii walizipenda lugha ambazo ofisi zao hazikuzitaka.

Kuhusu nyimbo za leo nitasema kidogo, maana ni bahari. Kwa vile toni ikibadilika neno linabadilika, mtunzi wa Hong Kong hupewa muziki kwanza, kisha anatafuta maneno ambayo toni zake zinapanda na kushuka pamoja nao. Wamisionari hawakulijua hilo walipotafsiri tenzi zao. Ndiyo maana kila Mkantoni ana kichekesho cha kanisani: neno la Bwana na neno la nguruwe yote ni "zyu", toni tu ndiyo inayoyatenga, na muziki usiojali toni unaweza kukupeleka zizini. Kwa Kiajemi, arudhi hupima silabi ndefu na fupi, na muziki unaweza kuzunguka juu yake utakavyo. Lakini ajabu ni kwamba nyimbo nyingi za pop za Kikantoni, pamoja na utumwa wote huo kwa toni za kinywa, zimeandikwa kwa Kichina sanifu. Sam Hui alipoanza mwaka 1974 kuimba kwa lugha ya mtaani watu walisikia kitu kipya, na ilikuwa lugha yao wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo filamu ya "The House of 72 Tenants" ilikuwa imewarudishia Kikantoni kwenye sinema zao, baada ya filamu za Kimandarini kukimeza. Hata Bruce Lee, Mkantoni halisi, kule kwenye "The Big Boss" ya mwaka 1971 alitoka na sauti ya Kimandarini. Tuliomshangilia kwenye kanda za video hatukujua hata kuna tofauti.

Kwenye riwaya, nauli ni kubwa zaidi. "Mlevi" ya Liu Yichang, ya mwaka 1963, ni riwaya kubwa ya Hong Kong bila ubishi, na imeandikwa kwa Kichina sanifu. Simlaumu, alitoka Shanghai. Lakini hata waliozaliwa pale, wengi wao wakiandika wapenzi wawili wanagombana chini ya taa za Kowloon, huwafanya wagombane kwa lugha ambayo hakuna mpenzi aliyewahi kuachwa nayo huko. Msomaji anatafsiri kimoyomoyo anaposoma, amezoea. Mwaka 2020 lilianzishwa jarida la fasihi, "Resonate", lililoandikwa kwa Kikantoni kuanzia jalada hadi jalada. Nilichokiona humo kwa msaada wa rafiki na kamusi hakikuwa kizuri chote. Kuna hadithi ambazo furaha yake yote ni kwamba zimeandikwa kwa Kikantoni, na ukiondoa hilo hakuna hadithi. Lakini nyengine zinafanya kitu ambacho Chubak angekielewa: msimulizi mwenyewe, si wahusika tu, ana mdomo.

Na kuna gharama ambayo si ya mtindo. Agosti 2023 chama kimoja cha kutetea Kikantoni Hong Kong kilijifunga. Maofisa wa usalama wa taifa walikuwa wamefika nyumbani kwa mwanzilishi wake na kutaka hadithi fulani ya kubuni iondolewe kwenye tovuti ya chama. Hadithi hiyo iliingia katika shindano la uandishi wa Kikantoni la mwaka 2020. Nataka kuwa mwadilifu: iliwaudhi kwa maudhui, ilikuwa hadithi ya siasa kuhusu Hong Kong ya baadaye. Hakuna sheria inayokataza ile "m" yenye kinywa. Ila chama kilichokufa ni cha lugha.

Kwa hiyo nadhani nilikosea kipimo tangu mwanzo. Nilikiweka Kikantoni upande mmoja na Kiajemi upande wa pili kama lugha mbili zenye safari fupi na safari ndefu. Lakini Kiajemi, kwa wadhifa wake, kinalingana na Kichina sanifu. Mwenzake Kikantoni ni kile Kigilaki ambacho Ramazan hakupewa ruhusa ya kulia nacho, ijapokuwa Kikantoni kina filamu, nyimbo na mamilioni ya wasemaji, na Kigilaki kina uwanja mdogo zaidi.

Naandika haya kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka hadithi fupi mahali, na ndani yake nyanya yangu wa Mombasa alikuwa akimwelekeza mgeni. Alisema "ndia", kama alivyosema maisha yake yote. Ilirudi kila "ndia" imegeuzwa "njia", na "mato" yamekuwa "macho". Safari ni ya konsonanti moja moja tu, safari ya Kiajemi, kikoi kwa kanzu. Nikasema si kitu, nikakubali. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyika Mombasa. Tunayo mazoea ya kuwa wenyeji wema. Hadithi ikatoka. Shangazi yangu akaisoma kwenye simu, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mbona Mama azungumza kama redio?"

Sasa natafsiri "Farsi shekar ast" kwa Kiswahili, polepole, jioni. Sheikh amekuwa rahisi. Yule kijana wa Kifaransa nimempa Kiingereza, na amekuwa rahisi kupita kiasi, inabidi nimpunguze. Msimulizi anazungumza sanifu, kwa kuwa ametoka Ulaya na vitabu vyake. Aliyenichelewesha ni Ramazan. Wiki tatu alikuwa analia kwa Kiswahili cha redio na nilikuwa simwamini. Juzi nikafuta maneno yake yote, nikamwacha aseme kama watu wa Mji wa Kale, anauliza ndia ya kutoka ni ipi, anasema mato yake hayaoni kwa kiza. Sasa msimulizi akimjibu kwa sanifu, wanaelewana, lakini hawazungumzi lugha moja, na lile kumbatio la mwisho limeingia kitu ambacho Jamalzadeh hakukiandika. Huenda sina haki hiyo kama mtafsiri. Nimehesabu, "ndia" imo mara saba. Nimeziacha zote.